Dizeli au Petroli kwa Safari Fupi?
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Simbo



Jambo tulilotakiwa kulieleza ni hili: je, yafaa mtumishi ambaye safari zake ni fupi aiache motokaa ya dizeli ashike ya petroli? Huenda mtu akadhani kwamba hilo ni jambo la mafundi na madereva, lisilowahusu makarani. Lakini karani ndiye akopaye fedha ya kununulia motokaa, na mkopo hukatwa katika mshahara wake mwezi kwa mwezi, gari litembee au lilale. Kwa hiyo jambo hili ni la daftari la hesabu kabla halijawa la spana.

Tuseme mapema tunaloliamini, ili kila msikilizaji ajue twaelekea wapi. Hatusemi kwamba dizeli ni mbaya na petroli ni njema. Twasema kwamba injini huchaguliwa kwa safari, wala haichaguliwi kwa sifa. Wazee walisema, kila chombo kwa wimbile. Mtu aulizaye, "Ipi bora?" ameuliza nusu ya swali. Swali zima ni, "Ipi bora kwa njia niipitayo kila siku?"

Sisi wa pwani ya Tanganyika hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana ziwa limekwisha kutufundisha. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikaletwa vipande vipande hata Kigoma, ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hili tulijualo. Miaka hiyo yote iliendeshwa kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 ndipo ilipotolewa mitambo ya mvuke ikatiwa injini za dizeli, na jambo hilo lilikuwa na maana. Safari ya kutoka Kigoma hata Mpulungu huko Zambia ni ya siku, si ya dakika. Injini ikisha kupata moto hukaa katika moto wake, ikivuta mzigo mzito kwa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya dizeli.

Sasa mtazame mvuvi wa dagaa. Nyuma ya mtumbwi wake ameshika injini ndogo ambayo huweza kuibeba begani akaipeleka nyumbani jioni. Injini hiyo yatumia petroli. Mtazameni pia kijana wa bodaboda, ambaye safari zake ni fupi kupita za watu wote: huwasha, huzima, hungoja abiria, huwasha tena. Nani kati yetu amepata kupanda bodaboda ya dizeli? Watu hao hawakusoma vitabu vya mitambo, illa kazi yenyewe imewachagulia.

Tueleze kwa ufupi tofauti ya injini hizi mbili. Injini ya petroli ya mipigo minne ilisimamishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Ndani yake hewa na petroli huchanganywa, hukandamizwa kiasi cha mara 9 mpaka 12, kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka. Injini ya dizeli ilipata jina lake kwa Rudolf Diesel, naye ni Mjerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vema mwaka 1897. Hiyo haina cheche. Hewa peke yake hukandamizwa kwa nguvu nyingi zaidi, mara 15 mpaka 20 na pengine kupita, hata ikawa moto sana. Ndipo nozeli hurusha mafuta ndani, nayo yakawaka kwa joto la hewa hiyo.

Katika tofauti hiyo moja hutoka mengine yote. Kwa kuwa yakandamiza sana, injini ya dizeli haina budi kujengwa kwa chuma kinene, nayo huwa nzito, na bei yake huwa juu. Kwa kuwa yakandamiza sana, hupata kazi nyingi zaidi katika lita moja, na tena lita ya dizeli yenyewe ina nguvu kupita lita ya petroli kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Ndiyo sababu malori yapandayo kutoka Dar es Salaam hata huku ni ya dizeli. Lakini kwa kuwa ni nzito, na kwa kuwa haipotezi joto ovyo, dizeli hukawia kupata moto. Petroli huweza kuwa imekwisha kupata moto wake wakati dizeli bado ingali ya uvuguvugu.

Hapo ndipo safari fupi huingia na madhara yake. Injini iliyo baridi haichomi mafuta yote sawasawa, na mafuta ya dizeli yasiyoungua vema hugeuka masizi. Zamani masizi hayo yalitoka nje kwa bomba la moshi, yakawapata watu waendao kwa miguu. Nchi za Ulaya zikatunga sheria. Na kwa kanuni iliyoanza mwaka 2009, motokaa mpya za dizeli huko zikawa haziwezi kuuzwa ila zina chujio la masizi ndani ya bomba. Watengenezaji wa Japani nao wakafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo motokaa nyingi za dizeli za miaka ya karibuni, ziletwazo kwetu zikiwa zimetumika, huja na chujio hilo, ijapokuwa mnunuzi wa hapa hakuambiwa.

Chujio hilo ni kama ndoo: likijaa, yataka limwagwe. Humwagwa kwa moto. Kompyuta ya gari huongeza mafuta ili moshi upate joto la kadiri ya digrii 600, masizi yakaungua yakawa majivu machache. Kazi hiyo yataka gari liende mwendo wa barabara kuu, bila kusimama, kwa muda wa dakika 15 au 20 hivi. Dereva akizima katikati, kazi hukatika. Akizima kesho tena katikati, hukatika tena. Masizi huzidi, na yale mafuta ya ziada yasiyoungua huteremka ndani ya injini yakachanganyika na oili. Oili ikipata dizeli huwa nyepesi kama maji, nayo haiwezi tena kulinda vyuma. Mtu akipima kwa kijiti akaona oili imepanda badala ya kushuka, asifurahi. Hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Sasa tueleze yaliyotupata sisi wenyewe, maana hotuba isiyo na ushahidi ni maneno matupu. Sisi makarani wanne wa hapa Simbo tulichanga fedha tukanunua motokaa moja ya dizeli, kubwa, yenye viti saba. Wakati huo wawili wetu walikuwa na kazi za Kasulu na Kibondo kila juma, na gari lilikuwa likitoka alfajiri na kurudi usiku. Lilitutumikia bila manung'uniko, na mafuta yake yalikuwa haba kwa ukubwa wake. Kisha uhamisho ukaja, kama ujavyo kwa kila mtumishi, na kazi zetu zote zikawa karibu. Tangu hapo gari likawa la kutoka nyumbani hata ofisini, sokoni, zahanati, kuteremka Ujiji, na kurudi. Lilikuwa gari lile lile, na dereva yule yule. Kilichobadilika ni safari.

Haikupita miezi mingi, taa ya njano ikawaka mbele ya dereva. Fundi mmoja akaizima kwa chombo chake, nayo ikawaka tena baada ya siku tatu. Ndipo usiku mmoja tuliitwa kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, tumpeleke hospitali mjini. Maana mwajua, ndugu, motokaa ya karani kijijini si ya karani peke yake. Ni ya msiba, ni ya mgonjwa, ni ya mzazi. Gari likawaka vizuri, likaenda mwendo mdogo, na lilipofika kwenye mwinuko nguvu zikaliishia. Halikuzimika. Lilikataa tu kwenda zaidi ya mwendo wa mtu akimbiaye. Fundi alitueleza baadaye kwamba gari hujifunga hivyo kwa makusudi chujio lizibapo, ili injini isiharibike. Lakini usiku ule hatukuwa na nafasi ya kusikiliza maelezo. Tulipunga mkono kwa taa ya simu hata gari dogo la jirani, la petroli, likaja likamchukua. Twamshukuru Mungu, mama na mtoto walifika salama wakarudi salama.

Tulipokwenda kuuliza bei ya chujio jipya, tuliambiwa kiasi cha fedha ambacho kingelipa ada ya shule ya watoto wetu kwa muda mrefu. Mahali pengine tukashauriwa jambo jingine: chujio litobolewe, kompyuta idanganywe, tusilipe zaidi ya kazi ya mikono. Wengi hufanya hivyo, nasi hatuwalaumu wenye dhiki. Sisi tulikataa kwa sababu moja. Masizi yaliyozuiwa na chujio hayapotei likitobolewa. Huenda kwa wale watembeao nyuma ya gari. Idara ya uchunguzi wa saratani ya Shirika la Afya Ulimwenguni ilitangaza mwezi Juni 2012 kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Watembeao nyuma ya gari letu asubuhi ni watoto waendao shule, na baadhi yao ni wetu.

Basi tukaketi na karatasi. Twaomba mtusikilize kwa subira, maana hesabu hii kila mmoja wenu aweza kuifanya kwa nyumba yake. Bei tutakayotumia ni ya mfano tu, shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili. Bei ya kweli hutangazwa na EWURA kila mwezi, mji kwa mji, na mwajua ya Kigoma huwa miongoni mwa za juu kwa sababu mafuta husafirishwa mbali kutoka bandarini. Mwezi mmoja petroli huwa juu, mwezi mwingine dizeli. Basi si haki kujenga hoja juu ya tofauti hiyo.

Tuseme mtu huenda kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 500. Tuchukue motokaa mbili za ukubwa mmoja, ya dizeli ikila lita 8 kwa kilomita 100, ya petroli lita 10. Ya dizeli itakula lita 40 kwa mwezi, ya petroli lita 50. Tofauti ni lita 10, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi, au 360,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida yote ya dizeli kwa mtu huyo. Sasa awekeni upande wa pili bei ya nozeli, bei ya chujio, oili inayotakiwa kubadilishwa mapema, na betri kubwa. Tengenezo moja tu laweza kuimeza faida ya mwaka mzima, na kwetu lilikuwa tayari kumeza ya zaidi ya mwaka.

Lakini mtu aendaye kilomita 3,000 kwa mwezi hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwake tofauti ni lita 60 kwa mwezi, shilingi 180,000, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Na kwa kuwa gari lake hupata moto wake kila siku, chujio lake hujisafisha lenyewe. Huyo akiiacha dizeli atakuwa amejipunja.

Tena ikiwa mtu hahitaji gari kubwa, tofauti hugeuka. Motokaa ndogo za petroli zitokazo Japani, kama Toyota IST, Vitz na Passo, ambazo zimejaa barabarani kwetu, hula kiasi kidogo. Ikiwa ndogo hiyo yala lita 6 kwa kilomita 100, kwa zile kilomita 500 itakula lita 30, pungufu ya dizeli kubwa tuliyoitaja. Hapo karani apata faida katika mafuta, na katika matengenezo pia.

Kuna hoja zilizoletwa dhidi yetu, nazo ni za haki, yatupasa kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ya barabara. Mwenzetu mmoja alisema, "Simbo ndipo mahali njia ya Ilagala na Kalya inapoanzia. Nikitumwa ng'ambo ya Malagarasi wakati wa masika, gari dogo litanifikisha wapi?" Ni kweli. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: urefu wa gari kutoka chini, na aina ya mafuta. Gari hupita matope kwa sababu ya kuinuka kwake, matairi yake, na magurudumu manne kuvuta. Zipo za petroli zilizoinuka. Yule ambaye kazi yake ya kila siku ni njia ya Kalya, na abebe mzigo, na ashike dizeli yake kwa mikono miwili. Yule aendaye huko mara mbili kwa mwaka asinunue gari la siku mbili kwa shida ya siku mia tatu.

Hoja ya pili ni kwamba dizeli za zamani hazina chujio wala kompyuta, nazo zimedumu miaka 30 mikononi mwa misheni na idara za serikali. Hilo nalo ni kweli. Mwenye gari la namna hiyo, lililo zima, asikimbilie kuliuza kwa sababu ya hotuba hii. Ajue tu kwamba safari fupi zamchakazia injini polepole, na moshi wake haukuchujwa.

Hoja ya tatu ni ya oili na mafuta machafu. Nchi za Afrika ya Mashariki zilipatana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 katika milioni. Hilo limesaidia sana. Lakini dizeli iliyouzwa katika madumu kando ya njia haina shahidi, na nozeli za kisasa hazivumilii uchafu ambao injini za babu zetu zilivumilia.

Hoja ya nne haikusemwa kwa sauti, lakini tuliiona katika nyuso. Ni hoja ya heshima. Gari kubwa la dizeli ni gari la mkubwa wa idara, na karani akishuka ndani yake watu humwamkia kwa namna nyingine. Ndugu, hatutaki kumdharau mtu kwa kupenda heshima. Lakini heshima ya gari lililosimama juu ya mawe uani, huku mkopo wake ukiendelea kukatwa, ni heshima ghali.

Tusidanganyane pia kwa upande wa petroli. Nayo haipendi safari fupi; ikiwa baridi hula zaidi, na betri na oili yake huumia. Tofauti ni kwamba huumia kidogo, nayo husamehe.

Kwa wale watakaopenda kufuata, twatoa mashauri haya:

1. Kabla ya kuuza wala kununua, andika safari zako kwa mwezi mmoja katika daftari: tarehe, kilomita, na dakika ambazo injini ilikaa ikiwaka. Usikisie. Ikiwa safari nyingi hazifiki dakika 20, daftari limekwisha kukujibu.

2. Ukibaki na dizeli yenye chujio, ipe safari ndefu mara moja kwa juma, katika lami, bila kusimama, hata ikamaliza kujisafisha. Usizime gari taa ya chujio ikiwa imewaka, ikiwa waweza kuendelea kwa salama.

3. Pima oili kila juma, ukitazama kupanda kwake kama vile kushuka kwake.

4. Ukihamia petroli, chukua tahadhari miezi ya kwanza katika kituo cha mafuta. Mkono umezoea kusema "dizeli." Mafuta yakitiwa yasiyostahili, usiwashe injini kabisa, sukuma gari pembeni, mwite fundi atoe yote tangini. Kuwasha mara moja tu kwaweza kuzidisha hasara.

5. Dai risiti kila utiapo mafuta. Gari likiharibika kwa mafuta mabaya, risiti ndiyo ulimi wako.

Mwisho, ndugu wanachama, mtauliza tulifanya nini na gari letu. Tuliliuza kwa mfanyabiashara ambaye hupeleka mizigo Uvinza na kwingineko kila siku, mtu ambaye safari zake zafaa injini ile. Kabla ya kuandikiana, palikuwa na mjadala kati yetu kama tumweleze habari ya chujio au tunyamaze, maana taa ilikuwa imezimwa wakati ule. Wawili walisema tunyamaze. Tulikubaliana kumweleza, naye akapunguza bei, na fedha ile iliyopunguzwa iliuma. Lakini mwanachama wa chama hiki huandika hati za watu na kushika fedha za umma. Akiuza udanganyifu siku ya Jumamosi, saini yake ya Jumatatu ina thamani gani?

Kwa fedha iliyobaki na nyongeza kidogo tulinunua motokaa ya petroli, ndogo kuliko ile, lakini iliyoinuka kutosha kwa njia zetu. Yabeba watu watano badala ya saba, na hilo limeleta manung'uniko siku za mazishi. Hatuna dawa ya jambo hilo, ila kwenda mara mbili.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Tupo tayari kwa maswali, na hasa kwa yule ambaye daftari lake laonyesha kinyume cha letu, maana huyo ndiye atakayetufaa sote zaidi.